Iligongwa, Haikufa Yenyewe

Kwenye njia ya Bunia kwenda Mahagi, mbuzi akigongwa na gari watu hawakimbilii mzoga, wanamkimbilia dereva. Vumbi halijatua, mwenye mbuzi ameshatokea, na nyuma yake vijana watano wasio na mbuzi wala gari ila wana maoni. Bei inatajwa, inabishaniwa, inalipwa, na kwa desturi ya njia zetu aliyelipa ndiye mwenye nyama. Kama mnyama bado anapumua, konvoyeri, msaidizi wa dereva, anatoa kisu. Kama hapumui, anatoa kisu vilevile. Jioni nyama iko Bunia, imeshakatwa vipande, na mama anayeiangalia kwa wasiwasi anajibiwa papo hapo: "Iligongwa, mama. Haikufa yenyewe."

Jibu hilo lina akili ndani yake. Watu wa Ituri, mkoa wetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, wamefuga ng'ombe na mbuzi vizazi na vizazi, na wanajua kwamba mnyama aliyekutwa amelala asubuhi bila jeraha ni wa kuogopwa. Aliyegongwa, kwa hesabu hiyo, alikuwa mzima dakika moja kabla ya gari kupita. Ugonjwa haukumuua, bampa ndiyo iliyomuua. Kwa nini basi atupwe, katika mkoa ambao zaidi ya watu milioni moja wamekimbia makwao na nyama kwa wengi wao ni kitu cha sikukuu?

Sina ugomvi na swali hilo. Anayemwambia mtu wa Kigonze, kambi ya waliokimbia makwao, kwamba nyama ya barabarani ni mwiko, halafu anarudi kwake kwenye jokofu linalowaka, hajasema kitu. Ila katika kazi ya kukagua nyama, "iligongwa" haifungi maulizo. Inayafungua. Aligongwa akiwa na hali gani? Nani aliona? Kisu kilifika lini? Na je, kweli aligongwa akiwa hai?

Hilo la mwisho watu hulicheka mpaka waelezwe. Gari linaweza kupita juu ya mnyama aliyekwisha kufa, na mtu mwenye haja ya kuuza anaweza kumburuta mbuzi aliyekufa zizini mpaka kando ya njia na kusubiri lori. Mwili wenyewe hutoa ushahidi. Mnyama aliyepigwa akiwa hai huvilia damu: ukichuna ngozi pale alipogongwa unakuta nyama imekuwa nyekundu nzito inayoelekea weusi, imevimba, damu imeganda kati ya ngozi na msuli. Moyo ulikuwa bado unasukuma, ndiyo maana damu ilimwagika ndani. Mnyama aliyepitiwa na tairi baada ya kufa huwa na mifupa iliyovunjika na nyama iliyopondeka, lakini mahali hapo pamepauka, hapana uvimbe wala bonge la damu. Mchinjaji mzoefu anaiona tofauti hiyo kwa jicho moja. Tatizo ni kwamba kipande chenye damu iliyovilia ndicho kinachokatwa na kutupwa mapema ili nyama ipendeze. Ushahidi unabaki njiani, Iga Barrière, nyama inakuja Bunia.

Hata aliyekuwa hai kweli hajatoka salama kwenye ajali. Gari linapompiga mnyama ubavuni, matumbo hupasuka mara nyingi, na kilichokuwemo kinamwagika juu ya nyama ya ndani: majani yaliyosagika nusu, kinyesi, na mabilioni ya bakteria waliokuwa wakifanya kazi yao halali tumboni. Machinjioni tunafunga umio na utumbo wa mwisho kabla ya kutoa matumbo, ili tone moja lisidondoke. Barabarani kazi hiyo imefanywa na lori. Kisha kuna damu. Mnyama aliyechinjwa akiwa hai hutoa damu nyingi kwa sababu moyo unaisukuma nje. Aliyekufa kwa pigo anabaki nayo mwilini, na nyama yenye damu huharibika upesi. Kuna pia joto. Ndani ya mzoga mzima kuna joto la kutosha kwa saa nyingi, na katika joto hilo baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila dakika 20. Piga hesabu: mmoja, baada ya saa 6, ni zaidi ya 260,000.

"Tutachemsha," watu husema. Chemsheni, tena sana. Moto unaua bakteria wengi na virusi karibu vyote. Ila kuna bakteria wanaoacha sumu nyuma yao, na sumu ya baadhi yao haivunjiki kwenye sufuria. Kuna wengine, kimeta akiwa mfano mbaya kuliko wote, wanaojigeuza kuwa mbegu ngumu inayovumilia maji ya moto. Na kuna jambo ambalo jiko haliwezi kulifikia kabisa, yaani mikono iliyochuna kabla jiko halijawashwa. Nitalirudia.

Kinachonishangaza ni jinsi watu waliotofautiana katika kila kitu walivyokutana kwenye swali moja. Kurani, katika sura ya Al-Maida, inaharamisha mfu, aliyekufa kwa kupigwa, aliyeanguka, aliyepigwa pembe na mwenziwe, kisha inamtoa humo yule mliyewahi kumchinja angali hai. Mwislamu wa Bunia aliyesimama juu ya mbuzi aliyegongwa anaangalia jicho, mkia, pumzi. Ukiwepo uhai, kisu kinahalalisha. Usipokuwepo, hakuna kisu kinachosaidia. Sasa nenda Ulaya, kwenye kanuni ya mwaka 2004 ya usafi wa vyakula vinavyotokana na wanyama: mnyama mwenye afya aliyepata ajali anaruhusiwa kuchinjwa kwa dharura nje ya machinjio, sharti mganga wa mifugo amwangalie kabla hajachinjwa. Aliyekufa kwa ajali yenyewe haingii kwenye chakula cha watu. Waliotunga kanuni hiyo hawakukaa na masheikh wa Nyakasanza hapa Bunia, lakini wote wanauliza kama kisu kilimkuta hai.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 14, inawakataza Waisraeli kula mnyama aliyekufa mwenyewe, halafu inawaruhusu kumpa mgeni aliyemo mjini au kumuuzia mtu wa taifa lingine. Wahubiri wetu huipita aya hiyo haraka. Mimi naiona kama habari ya soko, kwa sababu ndivyo kibudu kinavyofanya mpaka leo: kinakimbia wanaokijua, kinamtafuta asiyekijua. Kijijini alipofia mbuzi hakuna wa kumnunua. Mteja wa Bunia ndiye mgeni wa siku hizi.

Ukaguzi wa nyama umejengwa juu ya macho mawili. La kwanza linamwona mnyama akiwa amesimama: anatembeaje, anapumuaje, masikio yamelala, pua inatoka nini. La pili linaona viungo baada ya kuchinjwa: mapafu, ini, wengu, tezi. Kila jicho lina ugonjwa wake linaoukamata. Ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa anaweza kuonekana safi kabisa ukimpasua. Ulipaswa kumwona akiwa hai, jinsi anavyotoa udenda na kulia ovyo. Kifua kikuu cha ng'ombe ni kinyume chake: amesimama mnene, lakini tezi za kifua zimejaa usaha mkavu. Ajali inalifunga jicho la kwanza. Konvoyeri anapotupa matumbo na kichwa kwenye majani ili mzigo upungue, la pili nalo limefungwa. Nyama inayofika sokoni ni misuli tupu, na misuli haina cha kueleza.

Kuhusu jicho la kwanza kuna jambo ambalo madereva wenyewe wanalijua bila kulipa uzito. Muulize yeyote wa njia ya Bogoro: mbuzi mzima anajua gari. Anaruka, anakimbia upande usiotarajiwa, lakini anakimbia. Mara nyingi anayegongwa ni mtoto, au kiziwi wa uzee, au yule aliyesimama katikati ya njia kama amesahau alikokuwa anakwenda. Huyu wa mwisho ndiye wangu. Mnyama mwenye homa anapoteza wepesi, mwenye ugonjwa wa ubongo anapoteza hofu. Gari limemuua, kweli, lakini ugonjwa ndio uliomweka mbele ya gari. Siwezi kukupa hesabu ya wangapi wako hivyo. Najua tu kwamba "iligongwa, haikufa yenyewe" inachukulia kwamba sababu mbili haziwezi kukutana kwenye mnyama mmoja.

Kimeta kinaifanya hesabu hiyo iwe ngumu zaidi. Mnyama aliyekufa kwa kimeta hutokwa na damu nyeusi puani, mdomoni na nyuma, damu isiyoganda. Ni dalili ya kukuambia usimguse, usimpasue, mwite mtu, azikwe kwa kina. Sasa mwangalie mbuzi aliyepigwa na lori: naye anatokwa na damu puani na mdomoni. Ajali inaiga alama ile ile tunayowafundisha wafugaji kuiogopa. Pa kuanzia ni kuganda. Damu ya ajali inaanza kuganda baada ya dakika chache, inakuwa kama ini. Damu inayobaki majimaji, nyeusi, kwenye mzoga ambao hakuna aliyeuona ukigongwa, ni sababu tosha ya kurudisha kisu kwenye ala. Aprili 2025, kusini mwetu, katika Hifadhi ya Virunga, viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta kwenye mto Ishasha na Ziwa Edward. Watu wa kando ya maji walisihiwa wakae mbali na wanyama hao. Tani ngapi za nyama zilikuwa zinaelea pale, mbele ya watu wenye njaa! Usidhani lilikuwa ombi jepesi.

Sasa mikono. Mwaka 1996, Mayibout, kijiji cha kaskazini-mashariki mwa Gabon, watu walimkuta sokwe amekufa msituni, wakambeba nyumbani. Watu 18 waliomchuna na kumgawa waliugua Ebola, na mlipuko ukaua watu 21. Alikuwa ndiye kibudu hasa: aliyekutwa amekufa, bila shahidi. Hatari kubwa ilikuwa kwenye kuchuna, kwenye damu mbichi inayoingia mkwaruzo wa kidole, kabla sufuria halijatajwa.

Sisi wa Ituri tulipewa somo hilo vibaya. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaenea Kivu Kaskazini na kuingia kwetu Mambasa, Mandima, Komanda mpaka Bunia, mabango na redio vilipiga mbiu juu ya nyama ya pori. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umegusa watu 3,470 na kuua 2,287. Wengi mno waliambukizwa na watu wenzao: katika kuuguza, katika kuosha maiti, ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Mtu aliyekuwa amekula simbilisi na mboloko tangu utoto, akaona jirani anafia hospitali wakati walaji wa nyama wanatembea barabarani, alifanya hesabu yake na kuacha kusikiliza. Si ujinga. Aliambiwa kitu kipana mno. Angeambiwa kitu chembamba, kwamba aliyewindwa akikimbia si sawa na aliyekutwa amekufa, na kwamba kuchuna ni hatari kuliko kula, huenda angekubali, kwa sababu kinafanana na anachokijua.

Watu wa Rethy, hapa hapa Ituri, wanaijua vizuri zaidi hatari ya mnyama aliyekutwa amekufa. Eneo lao ni mojawapo ya maeneo machache duniani ambako tauni bado inarudi kila mara. Panya wakianza kufa ndani ya nyumba, mama wa Rethy hamuulizi mtu. Anajua kwamba viroboto wamekosa mwenyeji na watamtafuta mtu. Kwake mnyama aliyekufa ni taarifa. Wafanyakazi wa afya wanamtegemea mama huyo kuliko wanavyokiri kwenye ripoti zao.

Tukigeukia upande wa Komanda na kuingia msituni, mambo yanabadilika. Kwenye RN4, njia inayokata Hifadhi ya Wanyama ya Okapi kupitia Epulu, anayegongwa hana mwenyewe wa kudai bei. Hifadhi iliundwa mwaka 1992, ikaingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaandikwa miongoni mwa zilizo hatarini, ambako iko mpaka sasa. Njia ilipotengenezwa upya miaka ya 2000, malori yakaongeza mwendo, na UNESCO imeihimiza serikali mara kadhaa ihalalishe udhibiti wa magari ndani ya hifadhi, pamoja na kuzuia safari za usiku. Okapi analindwa kisheria tangu 1933. Nyama yake ni kosa, aliyemuua awe mtego au tairi. Ni sheria kali, na ninaiunga mkono kwa sababu isiyo ya usafi: ukiruhusu nyama "iliyogongwa", kila mtego wa Mambasa utaota magurudumu.

Ila tusijidanganye juu ya njia ile. Inawasafirisha wanyama kuliko inavyowagonga. Nyama inayofika Bunia kutoka msituni, iliyokaushwa kwa moshi, nyeusi, imejikunja kwenye kikapu nyuma ya pikipiki, sehemu kubwa ilitoka kwenye mitego na bunduki. Moshi ni teknolojia nzuri ya watu wasio na barafu; unakausha, unazuia nzi, unachelewesha kuoza. Pia unafuta kila alama. Baada ya siku mbili juu ya moto, aliyepigwa risasi, aliyenaswa, aliyegongwa na aliyekutwa amekufa ni ndugu wanne wa rangi moja. Hakuna mkaguzi awezaye kuwatenganisha, na anayesema anaweza anatafuta senti ya barieri, yaani ya kizuizi cha njiani.

Wapo walioipatia nyama ya ajali njia. Alaska, mnyama mkubwa wa jamii ya paa akigongwa ni mali ya serikali. Polisi anapiga simu kwa mtu au shirika la hisani lililojiandikisha, nao wanakuja upesi, hata usiku, na kuondoa mzoga wote. Watu wengi wanakula kwa utaratibu huo, na sioni aibu yoyote ndani yake. Wana simu inayojibiwa, polisi anayeaminika, na theluji ambayo ni jokofu la bure. Karibu na sisi, Tanzania, njia ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, na dereva anajua kwamba kila mnyama ana faini yake. Huko wanaanza na mguu wa dereva kwenye kanyagio. Nyama ni jambo la baadaye.

Sisi tuna hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, tangu Mei 2021, misafara ya magari chini ya ulinzi, na dereva anayekimbizana na jua ili giza lisimkute kati ya Marabo na Komanda. Huwezi kumwambia asimame aangalie kama mnyama anapumua. Anagonga na kupita. Hivyo usalama mbovu unazalisha ule ule mzoga ninaouogopa kuliko yote: usio na shahidi, unaookotwa saa tatu baadaye na mtu asiyejua ulikufaje.

Kwa hiyo sipendekezi marufuku. Tunazo za kutosha, na kila moja imekuwa barieri moja zaidi ya kutoa hongo. Kwa mfugo ninapendekeza jambo dogo ambalo chifu wa kijiji na chama cha wachinjaji wanaweza kulisimamia bila kungoja Kinshasa: nyama ya ajali isiingie sokoni Bunia bila kichwa chake na viungo vyake vya ndani. Mapafu, ini, wengu, vikiwa bado vinashikamana. Mkaguzi akivikuta, ana cha kutazama. Atakata kilichovilia damu, atakataa kilichochafuliwa na matumbo, atapitisha kinachofaa, na huwa kipo kinachofaa, hasa paja la upande usiogongwa. Asipovikuta, nyama isiuzwe. Aliyemchinja mbuzi akiwa hai mbele ya mwenyewe hana sababu ya kutupa wengu.

Wachinjaji nilioongea nao wana pingamizi moja, nalo ni zito. Dereva ameshalipa. Ukimkatalia nyama Bunia amepata hasara mara mbili, na safari ijayo atauza Nizi au Lopa, kwa kipande, kabla ya kufika kwetu. Wanasema desturi yenyewe ibadilike: dereva alipe fidia ndogo zaidi na mzoga ubaki kijijini, kwa mwenye mbuzi, ambaye anajua jana mnyama wake alikula au alikataa majani. Yeye ataamua kula au kuzika, na akila atakula kwa kujua. Madereva watapenda bei ishuke. Wafugaji hawataipenda, maana leo wanauza mbuzi mgonjwa kwa bei ya mzima kila lori linapokosea, na baadhi yao, tuseme ukweli, wanajua hasa ni mbuzi gani wa kumfunga karibu na njia.